Shughuli zako za nje ya ajira ni kazi: mwongozo kamili kwa anayetafuta kazi akiwa mtu mzima

Mwezi wa Mei, mvua za masika zikipiga na hoteli nyingi za ufuoni zimefunga, nilikaa kibarazani Maweni, hapa Malindi, pwani ya Kenya, na bwana mmoja wa miaka arobaini na minne. Alikuwa mkuu wa stoo hotelini kwa miaka kumi na mitatu. Hoteli ikapata mwenyewe mpya, na yeye hakuitwa tena. Alinipa wasifu kazi wake nimsaidie kuutengeneza. Kurasa tatu: shule ya msingi imo, namba ya kitambulisho imo, jina la baba limo, na chini kabisa mstari mmoja: "Ninapenda kusoma, kusafiri na kutazama mpira."

Nikamuuliza, "Jumapili huwa wapi?"

"Jumapili ni chama cha maziko. Mimi ndiye mweka hazina."

"Tangu lini?"

"Tangu 2014."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la kaunta la gamba jeusi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Safu za kalamu ya buluu: tarehe, jina, shilingi 200, sahihi. Palipo na mama mzee asiyeandika pana alama ya kidole gumba, na kando yake jina la mwanawe aliyeshuhudia. Alipokosea hakufuta: alipiga mstari mmoja, akaandika kiasi sahihi juu yake, akatia sahihi yake. Familia 38, kila mwezi, miaka yote hiyo. Maziko yetu hayangoji, mtu akifariki alfajiri huenda akazikwa adhuhuri, na haijatokea hata siku moja sanda au gari likakosekana kwa sababu pesa hazionekani. Katika zile kurasa tatu hapakuwa na neno hata moja la haya.

Nimefanya kazi ya kuajiri watu mahotelini kwa miaka mingi, na nimekaa upande wa jopo mara nyingi. Wasifu kazi wa namna hii hunisikitisha sana, maana ninajua mwenye nao anaachwa kwa kukosa sifa ambazo anazo. Mwongozo huu ni wa mtu wa miaka thelathini na tano hadi hamsini na kitu, aliyepoteza kazi au anayetaka kuhama, na ambaye nje ya ajira amekuwa akifanya jambo: chama, timu ya mtaa, kamati ya msikiti au kanisa, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo wao), usafi wa ufuo, kufundisha watoto, kuandaa harusi.

Kwa nini mtu mzima azihitaji shughuli hizi kuliko kijana

Kijana wa miaka ishirini na miwili hupimwa kwa cheti chake. Wewe utapimwa kwa maswali ambayo jopo halitayatamka. Tangu kazi iishe, umekaa tu? Bado unajifunza, au ulichojua mwaka 2010 ndicho unachojua leo? Utakubali kuelekezwa na bosi aliye rika la mwanao? Barua ya kazi ya zamani haiyajibu. Shughuli unayoifanya sasa hivi, pamoja na watu wa kila umri, bila mshahara, inayajibu.

Sababu ya pili ni watu. Hoteli ikifunga, wenzako wote wa kazi hukosa kazi mwezi huohuo, na wote wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji watu waliobadilisha kazi katika mji mmoja wa jimbo la Massachusetts, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Rafiki wa karibu anakupenda, lakini habari zake ni zako. Habari mpya huja na mtu wa pembeni: mwalimu mnayekutana naye kwenye usafi wa ufuo, muuguzi wa kwaya, karani wa kaunti ambaye mwanawe yuko kwenye timu unayoifundisha. Na mtu wa pembeni humpati ukiwa umejifungia nyumbani.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu, bila kuchuja

Chukua daftari na jioni tatu. Andika kila ulichofanya kwa miaka mitano iliyopita bila kulipwa mshahara. Usijiulize kama kina maana. Kisha mwulize mwenzio nyumbani, watoto, na jirani mmoja: "Mimi watu huniita kwa kazi gani?" Watakutajia mambo uliyoyasahau kwa sababu umeyazoea.

Wanaume husahau mambo ya fedha na ya kusuluhisha watu. Wanawake husahau mambo makubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna dada mmoja wa Shela ya huku kwetu Malindi aliyekuwa mkuu wa zamu ya wasafisha vyumba. Aliniambia hana shughuli yoyote nje ya kazi. Nikamwuliza harusi za mtaani kwao nani husimamia jikoni. Akacheka: "Si mimi tu!" Nikamwomba anieleze harusi ya mwisho. Wageni mia nne. Sinia moja watu watano, kwa hiyo sinia themanini. Mchele kilo 45, na ameshajua mpishi gani humwaga na yupi hubana. Masufuria ya kukodi yanahesabiwa yakija na yakirudi, kwa sababu kifuniko kikipotea mwenye harusi hulipa. Wanawake ishirini na tano, wengine wa kumenya vitunguu usiku, wengine wa kupakua, na wawili wasiofanya lolote ila kuhakikisha upande wa wanaume na upande wa wanawake vinapata chakula kwa wakati mmoja. Nyama ikichelewa kufika ana mpango wa pili. Nikamwambia, dada yangu, hoteli hulipa watu mishahara kwa kazi hii hasa, na ina jina: kusimamia shughuli na karamu. Alinyamaza, kisha akaomba kalamu.

Usisahau lugha. Hapa Malindi kuna watu wengi waliojifunza Kiitaliano ufuoni na mahotelini bila kuingia darasani. Kama umewahi kuwafundisha vijana wa mtaa Kiitaliano jioni, hata chini ya mwembe, hiyo ni shughuli. Iandike.

Hatua ya pili: ipime na uitafsiri

Kila shughuli iandike upya ukijibu mambo haya: ulifanya nini hasa, kwa ajili ya nani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na ni nini kilichokuwa bora kwa sababu yako. Tuchukue yule bwana wa Maweni. Wasifu wake ungeweza kusema tu "mweka hazina wa chama", na jopo lingepita bila kusimama. Tulipokaa na daftari lake tukazidisha familia 38 kwa shilingi 200 kwa miezi 12, tukapata 91,200 kwa mwaka. Tukaandika hivi:

"Mweka hazina wa kujitolea, chama cha maziko cha mtaa, Maweni, 2014 hadi sasa. Hupokea na kuandika michango ya familia 38, jumla ya shilingi 91,200 kwa mwaka. Hutoa pesa za maziko siku ileile ya taarifa. Husoma hesabu mbele ya wanachama kila miezi mitatu."

Mkuu wa stoo aliyeandika hivyo ameshasema kwamba huaminika, hutunza rekodi na hatetereki kwenye dharura, wala hajatumia hata moja ya maneno hayo ya kujisifu.

Usitie chumvi. Usijiite "mkurugenzi wa fedha" wa chama cha familia 38. Anayeajiri Malindi huenda shangazi yake yumo katika chama hicho. Namba ndogo ya kweli ina nguvu kuliko cheo kikubwa cha kubuni. Kama huna namba kamili, andika "takriban", na uwe tayari kueleza umefikaje hapo.

Hatua ya tatu: tafuta ushahidi mapema

Jambo la kwanza ni barua. Mwombe mwenyekiti au katibu barua fupi yenye tarehe ulizohudumu, wajibu wako, sahihi na muhuri wa kikundi. Mpelekee rasimu, usimwachie kazi ya kufikiri. Kama kikundi hakijasajiliwa, huu ni wakati mzuri wa kulisukuma jambo hilo: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na usajili hupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Aliyekimbilia usajili huo mpaka cheti kikatoka ana jambo jingine la kuandika.

Jambo la pili ni mtu wa kukushuhudia kwa simu. Asiwe ndugu. Mwombe ruhusa kabla ya kuandika namba yake, mweleze kazi unayoomba, na mkumbushe mambo mawili aliyokuona ukiyafanya. Nimewahi kumpigia mdhamini wa mtu mzuri sana, akajibu kwa mshangao, "Nani? Yule wa mpira?" Alikuwa anamjua vizuri, ila hakuandaliwa, na jopo likaondoka na picha hafifu.

Ukipeleka daftari au taarifa za M-Pesa kama ushahidi, funika majina na namba za wanachama. Ukionyesha siri za watu ili upate kazi ya kuaminiwa, umeshajikosesha.

Kisha kuna ujuzi wa mikono. Kama umekuwa ukitengeneza mabomba ya msikiti au kuunganisha umeme wa sola wa majirani, uliza kuhusu mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, yenye madaraja ya tatu, ya pili na ya kwanza. Uliza pia kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA. Mtu wa miaka arobaini na tano hahitaji kurudi kidato cha kwanza ili mikono yake itambuliwe. Na huduma ya kwanza: mafunzo ya Msalaba Mwekundu wa Kenya yana cheti, na hoteli, shule na vyombo vya baharini vyote hukithamini.

Kama shughuli yako ni ya watoto, mfano kufundisha timu ya vijana, omba cheti cha maadili mema cha polisi kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla hujaulizwa.

Hatua ya nne: kama huna shughuli, chagua moja

Moja, si nne. Ichague kwa kuangalia kazi unayoitaka, kisha ujiulize kama ungeifanya hata kazi isingepatikana. Jibu likiwa hapana, tafuta nyingine, maana watu wa kikundi hukujua haraka kuliko jopo.

Anayetaka kazi ya ofisi au ya fedha aombe kuwa katibu au msaidizi wa mweka hazina. Vikundi vingi vinamlilia mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano kwa lugha safi. Anayetaka mambo ya bahari na utalii yuko mahali pazuri kuliko wengi nchini. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, Watamu wanalinda viota vya kasa, hori ya Mida ina mikoko na ndege, na msitu wa Arabuko-Sokoke ni kivutio cha watazamaji ndege wa dunia nzima. Magofu ya Gede yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na huko kuna kijana anayeyaeleza vizuri kwa mgeni. Wewe mwenye umri wako, uliyehudumia wageni miaka kumi, unaweza kumfundisha namna ya kumkaribisha mtu, naye akufundishe historia. Kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki, kamati za BMU zinahitaji watu wa kuandika samaki waliopimwa: aina, kilo, chombo. Ukiandika hivyo kwa mwaka mzima bila kuruka siku, umekuwa mtu wa takwimu.

Saa nne kwa wiki zinatosha, na mwaka mmoja ndio kipimo cha chini. Nimeona watu wakijiandikisha kila mahali mwezi waliopoteza kazi, wakatoweka baada ya miezi mitatu. Hilo lina harufu yake kwenye karatasi.

Kuhusu majira: Aprili hadi Juni mji unapolala, jifunze, jitolee, kusanya barua. Hoteli huanza kuita watu kuelekea Julai na Agosti, na tena kuelekea Desemba. Karatasi zako ziwe tayari kabla ya miezi hiyo.

Tahadhari mbili. Mtu akitaka umlipe "ada ya kujitolea" kwa ahadi ya ajira, ondoka. Na biashara yenye faida ikitaka ufanye kazi bure kutwa, siku sita, kwa jina la kujitolea, huko si kujitolea. Umefanywa kibarua bila ujira. Na kama kodi ya nyumba imefika na hakuna kitu, tafuta kibarua cha kulipwa kwanza, chama kitakuelewa.

Hatua ya tano: iweke mahali pake kwenye wasifu kazi

Hapa ndipo wengi hukosea. Huandika vizuri, kisha huitupa shughuli chini kabisa pamoja na "mambo ninayopenda". Kama umekaa bila ajira zaidi ya miezi sita, shughuli yako iende juu, kwenye uzoefu wa kazi, kwa mpangilio wa tarehe, ikiwa na neno "kujitolea" waziwazi ili asitokee wa kukuita mwongo. Hapo pengo linajaa lenyewe. Ondoa shule ya msingi, jina la baba, kabila na hali ya ndoa. Kurasa mbili.

Shughuli za dini andika kwa kazi iliyofanyika: "katibu wa kamati ya ujenzi, msikiti wa mtaa" ni wajibu unaoeleweka na kila mtu. Shughuli za chama cha siasa mimi huwashauri watu waziache nje. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kubagua mtu kwa dini au msimamo wa kisiasa, lakini anayekuacha kwa sababu hiyo hatakuandikia sababu.

Hatua ya sita: izungumze ndani ya mahojiano

Tayarisha kisa kimoja cha dakika mbili, kwa sauti, mbele ya mtu. Kiwe na shida, ulichofanya, na matokeo. Ukiulizwa, "Tangu uache kazi umekuwa ukifanya nini?" usiinamishe kichwa. Yule dada alijibu hivi, na ninaandika kama alivyonisimulia:

"Nimekuwa nikisimamia jikoni za harusi mtaani. Mwezi wa Desemba nyama ilichelewa kwa saa mbili na wageni mia nne wameshafika. Nilitanguliza sharubati na kaimati, nikawahamisha wanawake sita kutoka kupakua kwenda kukatakata, na chakula kilitoka saa nane badala ya saa saba. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kula. Baada ya siku hiyo sikubali nyama iletwe siku ya shughuli, huletwa usiku wa kuamkia siku hiyo."

Angalia sentensi ya mwisho. Inaonyesha amejifunza, na jopo huogopa kwamba mtu mzima hajifunzi tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu hapa. Nilikuwa kocha wa vijana, nikaulizwa swali moja, nikazungumzia timu kwa dakika kumi kwa sababu naipenda. Mwenyekiti wa jopo akaniuliza kwa upole kazi niliyoomba ninaielewaje, na muda ulikuwa umekwisha. Maliza kila kisa kwa kurudi kwenye kazi iliyotangazwa: "na hapa kwenu ningefanya hivyohivyo na stoo". Uwe tayari pia kwa swali la muda. Sema mapema mazoezi ni siku gani na kwamba zamu za kazi zitatangulia.

Hatua ya saba: waambie watu unachotafuta

Usiseme "nitafutie kazi yoyote". Ukimwambia mtu hivyo hana pa kuanzia. Tuma ujumbe mfupi kwa watu wa pembeni, mmoja mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp: "Asalaam aleikum mwalimu. Natafuta kazi ya stoo au ununuzi, hotelini, shuleni au hospitalini, kati ya Mambrui na Watamu. Nimefanya miaka 13. Ukisikia nafasi, au ukimjua mtu wa kuniambia hali ilivyo huko, nitashukuru." Kwa mtu wa kanisani badilisha salamu. Ukisaidiwa, rudi umwambie kilichotokea, hata kama ulikosa.

Yako mahali ambapo yote haya hayatoshi. Rubani wa boti, fundi umeme wa majengo, muuguzi na dereva wa abiria wana vyeti vinavyodaiwa na sheria, na uzoefu wa mtaani hauwezi kukaa mahali pake. Huko shughuli hukusaidia kuchaguliwa kati ya wenye cheti, basi.

Ukipata kazi

Usitoweke. Kama muda hauruhusu tena, itisha mkutano, hesabu pesa mbele ya watu wawili, andika kiasi, tarehe na majina kwenye kumbukumbu, na umkabidhi mwenzio daftari akiwa ametia sahihi. Omba barua yako siku hiyohiyo, kabla viongozi hawajabadilika.

Yule bwana wa Maweni alianza kazi ya ununuzi mwezi wa Julai katika shule moja ya bweni. Chama kilimkatalia kujiuzulu. Walichokubali ni apewe msaidizi, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye sasa ndiye anayezunguka Jumapili na lile daftari jeusi. Akikosea, hupiga mstari mmoja, huandika juu yake, na kutia sahihi.